Kiraka Kilichokauka Bila Nailoni

Shimo lilikuwa wazo langu. Naanza na hilo kwa sababu watu wakihadithia siku hizi husema "walichimba", kana kwamba tulikaa kikao. Hatukukaa. Mimi ndiye niliyeinama kando ya boti, nikaangalia chini yake, nikasema tuchimbe. Mwenzangu ndiye aliyeshuka. Alikaribia kufia humo, na kuna kipande cha muda, kati ya yeye kunyamaza na mimi kugeuza kichwa, ambacho mpaka leo siwezi kusema kilikuwa kirefu kiasi gani. Hicho ndicho nataka kukiandika, kabla masimulizi ya watu hayajakimeza.

Sina masomo mengi. Niliacha sekondari mwaka wa pili, tulipokuwa bado upande wa Congo. Lakini nina daftari. Kazi yangu ni kutengeneza vitu vya faiba: matangi ya maji, vifuniko vya pikipiki, na boti zinazotembeza wageni hapa Gisenyi, upande wa Rwanda, mpakani na Goma. Ndani ya daftari naandika matone mangapi ya dawa ya kugandisha nimetia, jua lilikuwaje, saa ngapi kitu kimekauka. Siamini kichwa changu. Mwenzangu, ambaye kazi yake ni kusugua kwa msasa na ambaye ana mikono mizuri kuliko mimi, aliniita Mwalimu kwa ajili ya daftari hilo. Halikuwa jina la heshima.

Boti ilikuwa ya mama mmoja aliyeishi Goma miaka mingi kabla ya kurudi huku. Ilikuwa imepanda juu ya jiwe la volkano, lile jeusi lenye meno. Boti ya faiba ina ngozi, ile rangi ngumu ya nje inayong'aa kama kikombe. Sisi tunaiita jelikoti. Ngozi ikipasuka, maji huingia polepole katika nyuzi, na boti huharibika ndani huku nje inakuchekea. Hii ilikuwa na majeraha mawili. Moja ubavuni, lenye kuonekana. Lingine chini kabisa, kwenye uti, ule mgongo wa boti, urefu wa mkono wangu.

Mama alisema tuipindue. "Mi naita bavuvi kumi, banapindua hii kitu mara moja."

Nilimjibu kwamba kupindua kungeweza kuongeza ufa wa ubavuni. Kusema haki, jibu hilo lilikuwa kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba nilikuwa nimewaona mafundi wa magari wamesimama katika mashimo yao, gari juu ya kichwa, mikono imeinuliwa kama mapadri, na nilitamani siku moja nami nifanye kazi hivyo. Boti ilikuwa tayari juu ya magogo, hatua thelathini kutoka majini. Mama aliangalia magogo, akaniangalia mimi, akasema, "Bon. We njo fundi," yaani haya, fundi ni wewe.

Ufukweni kwetu ukichimba unakutana na mwamba kabla hujatoka jasho. Pale beleshi lilizama. Kulikuwa na ufa mpana katika jiwe, umejaa udongo laini, tukashuka nao mpaka shimo likanifika utosini. Nilifurahi. Udongo wa chini ulikuwa na joto kidogo, kama kitanda ambacho mtu ametoka sasa hivi.

Mwenzangu aliweka kiganja juu yake. Halafu akasema, "Mwalimu, hii haiko mazuku?"

Mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini katika nchi hii ya volkano. Haina rangi wala harufu. Ni nzito, inalala katika mabonde na mashimo kama maji, na mbuzi akiteremka humo kutafuta majani hapandi tena. Upande wa Goma kila mtoto anaijua.

"Mazuku ni ya Goma," nikasema. "Huku haivuki."

"Juu ya nini? Imekosa jeton?" Jeton ni kile kikaratasi cha kuvukia mpaka.

"Imekosa. Wameirudisha kwenye barrière."

Tukacheka. Aliuliza mara moja, nikajibu mara moja. Hayo ndiyo mazungumzo yote tuliyofanya juu ya uhai wake.

Siku ya kwanza alifungua ufa wa chini, yaani aliupanua kwa chuma mpaka ukawa na umbo la mfereji, ili dawa ipate pa kushika. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kichwa kimeinama, kwa maana uti ulishuka ndani ya shimo. Alipopanda alisema kichwa kinamgonga. Nilimwambia ni asetoni, tuliyopangusia faiba. Asetoni inaumiza kichwa, hilo ni kweli, na vitu vyetu vyote vinanuka. Ukifanya kazi na harufu kali hivyo unazoea kuipa lawama zote. Hata mimi niliposhuka kupima upana wa ufa, pua ilinichoma kama mtu aliyekunywa Fanta kwa haraka, nikaandika katika daftari: "Asetoni ni kali, ibadilishwe."

Jioni nilipaka jelikoti pote pawili, kutoka kikopo kimoja, matone yale yale. Sasa, jelikoti ina tabia yake. Ikiguswa na hewa, uso wake haukauki. Ndani inakuwa jiwe, lakini juu inabaki inanata kama asali. Kwa hiyo tunaifunika kwa nailoni mpaka ikomae. Nailoni niliyokuwa nayo iliraruka nilipokuwa naikata, na giza lilikuwa linaingia. Nikasema potelea mbali, kesho tutasugua huo unato. Mvua ilikuwa inanukia, nikafunika mdomo wa shimo kwa turubai na kuweka mawe pembeni. Hilo pia lilikuwa wazo langu.

Asubuhi kiraka cha ubavuni kilikuwa kinanata, kimeshika mbu na vumbi. Nilitoa turubai, nikangoja mwenzangu afike, upepo mdogo ukawa unatoka ziwani. Aliposhuka alipitisha kidole kwenye kiraka cha chini, akakipitisha tena.

"Mwalimu. Umeweka nini huku?"

"Kama kule."

"Aka. Hii imekauka."

Nilishuka mwenyewe. Kiraka kilikuwa kikavu, kigumu, kinang'aa. Kilikuwa kizuri kuliko kiraka chochote nilichowahi kupaka. Dawa ile ile, kopo lile lile, usiku ule ule, na hiki hakikujua hewa. Ningefikiri kidogo tu, ningejiuliza: kama hewa haikukigusa, basi humu shimoni kulikuwa kumelala nini? Lakini sikufikiri hivyo. Nilifikiri kwamba nimekuwa fundi. Nimefungua ukurasa huo sasa hivi. Nimeandika: "Chini ni safi sana. Sijui kwa nini. Labda mkono wangu."

Chini ya ndoo kulikuwa na siafu. Walikuwa katika mstari wao, kila mmoja nyuma ya mwenzake kama wanavyotembea, na wote walikuwa hawatembei. Niliwafagia kwa brashi. Asetoni, nikasema. Siku ya pili yake tulikuta ndege mdogo, yule mwenye mkia unaochezacheza, anayependa kuokota wadudu kando ya maji. Alikuwa amekaa kwenye pembe ya shimo, mabawa yamefungwa vizuri, macho wazi. Nilipomgusa alianguka upande, mwepesi kama karatasi. Mwenzangu alimtazama.

"Huyu naye alikunywa asetoni?"

"Anaweza kuwa alipigwa na mvua."

Alimchukua kwa vidole viwili akapanda naye juu, akamweka kwenye majani, si kumtupa. Nakumbuka kwamba hakumtupa.

Nilipaka tena mara mbili, kwa sababu mfereji ulikuwa na kina, na mara zote mbili sikuweka nailoni. Sasa ilikuwa makusudi. Kila asubuhi kiraka kilikuwa kikavu. Ubavuni nilifunika, chini sikufunika. Mama alipokuja kutazama nilimwonyesha kama mtu anayeonyesha mtoto aliyefaulu. Alisimama mbali kidogo na shimo. Aliuliza kwa nini hapa hakuna mbu. Nilimwambia mbu hawapendi harufu ya dawa zetu.

Asubuhi ya mwisho ziwa lilikuwa limelala. Kivu ikilala hivyo huoni maji, unaona mlima na mawingu yamepinduliwa chini yako, na sauti ya mtu anayekohoa upande wa mpaka inakufikia. Hakukuwa na upepo hata wa kutikisa jani la mgomba. Nilivuta turubai. Mwenzangu alishuka na ndoo ya maji na msasa laini, ile kazi ya mwisho ya kusugua kwa maji mpaka kiraka na ngozi ya zamani visijulikane.

"Leo ninamaliza hii ndoa," alisema. "Kesho sitaki kuona matako ya hii boti tena."

"Sugua, acha maneno."

"Bibi wa mutu hata hasuguliwi hivi."

Nilikaa juu, mgongo wangu kwa shimo, nikichanganya dawa ya kumalizia ubavuni. Nilihesabu matone. Nyuma yangu msasa ulikuwa unakwenda, kwaru, kwaru, kwaru, sauti ya majimaji. Mama alifika na wanawake wawili wanaouza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Aliwasha imbabura yake, lile jiko la mkaa, karibu nasi, akaweka sufuria ya mafuta, kwa sababu aliahidi kutulisha siku ya kumaliza. Kuni alizoanzia zilikuwa mbichi, moshi ukawa mwingi.

Mimi nilikuwa naendelea kusikia msasa. Hapa lazima niseme polepole. Nilikuwa nausikia. Mama aliweka samaki katika mafuta, na mimi nilikuwa nausikia. Niliandika namba ya matone, nikaifuta kidogo na kidole, nikaandika upya, na nilikuwa nausikia, kwaru, kwaru, kwa mapigo yale yale.

Mama akaniita, "Papa. Ule moshi."

Niligeuka. Moshi wa imbabura ulikuwa umefika shimoni na haukushuka. Ulikuwa umelala juu ya kitu. Ulitanda bapa kutoka ukingo hadi ukingo, sawa kama utando juu ya maziwa, kiasi cha futi mbili chini ya mdomo, na ulikuwa unazunguka polepole sana. Katikati ya utando huo kofia ya mwenzangu ilikuwa imetokeza nusu. Chini yake sikumwona.

"We!" nikaita.

"Nakuja," alisema. Sauti ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayeitwa mezani. Kofia haikusogea.

"Panda."

"Nakuja," alisema tena, halafu kofia ikazama, taratibu, na moshi ukajifunga juu yake.

Niliruka kwenda. Mama alinishika mkanda kwa nyuma, na sikujua kwamba mwanamke wa umri wake ana mkono hivyo.

"Usishuke."

"Mama, niachie."

"Ukishuka mutakuwa babili. Halafu mi nitaita mutu wa tatu, na yeye anashuka. Nimeona ile. Leta kamba."

Kamba ya nanga ilikuwa ndani ya boti. Kupanda, kuitafuta na kushuka nayo, hilo pia lilikuwa muda. Alinifunga kiunoni kwa fundo la mtu anayejua, akawapa wale wanawake wawili ncha, naye akashika mbele yao. Alinipa ncha ya pili mkononi, ya kumfungia mwenzangu.

"Vuta pumzi hapa juu. Funga. Chini usivute hata kama pua inakubembeleza. Ukianza kusikia muzuri, panda."

Sikuelewa maneno hayo ya mwisho mpaka nilipokuwa chini. Nilipita katika moshi, na chini ya moshi kulikuwa na nafasi safi, angavu, bila ukungu. Palikuwa na joto kidogo, na kimya kana kwamba ziwa na watu na mafuta yanayochemka vilifungiwa nje ya mlango. Mwenzangu alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, miguu imenyooka. Mikono yake ilikuwa juu ya mapaja, viganja juu. Msasa ulikuwa ndani ya ndoo, umezama, na maji ya ndoo yametulia. Mbele ya uso wake kiraka kilikuwa kimemalizika. Hakikuonekana kabisa. Nilikitafuta kwa macho, nakiri, nikiwa na pumzi moja kifuani na mtu anakufa mbele yangu, nilitafuta mahali kiraka kilipoanzia na sikupaona.

Nilipitisha kamba chini ya makwapa yake. Vidole vilikuwa vyangu lakini vilichelewa kufika. Nilifunga. Na hapo ndipo nilipoanza kusikia vizuri mwilini, kama alivyosema Mama. Kifua kiliacha kuniuma, nikaona kwamba ningeweza kukaa pembeni yake kidogo tu. Ndipo kamba ya kiunoni ilipokaza, nikavutwa juu kama ndoo ya kisima.

Tulimvuta yeye baada yangu, sote wanne. Alikuwa mzito kuliko boti. Tulimlaza kwenye mchanga, Mama akampepea usoni kwa mfuniko wa sufuria. Samaki waliungua. Kwa muda alikuwa na rangi ya jivu. Halafu kifua kiliruka, akakohoa, akatapika, akafungua macho.

"Nani amezima redio?" akasema.

Hatukuwa na redio.

Kwenye kituo cha afya walimwekea hewa ya chupa. Muuguzi aliuliza amevuta nini, mimi nikasema asetoni, kwa mdomo wangu, hata baada ya yote niliyoona. Mama akasema nyuma yangu, "Mazuku." Muuguzi aliandika la Mama. Mwenzangu alirudi nyumbani siku iliyofuata, anatembea, anauliza kama tulimwekea samaki.

Wavuvi walikuja wakapindua boti, kumi kama Mama alivyosema, na haikupasuka mahali popote. Siku ya tatu, mchana wa upepo mwingi, tulikwenda mimi na yeye kufukia shimo. Nilimwambia abaki nyumbani. Alisema kama atalifukia mwingine, yeye hatalala.

Tulisimama kila mmoja upande wake na beleshi lake. Nilimwambia nikiwa natupa udongo, kwa sababu nisingeweza nikiwa nimesimama tu.

"Mi nilikuwa nasikia msasa."

"Lini?"

"Wakati wewe ulikuwa umeacha. Mama anasema ulinyamaza kabla hajaweka samaki. Anasema yeye aliona kimya, akadhani unapumzika. Mimi nilikuwa nasikia mpaka aliponiita."

Aliendelea kutupa udongo. "Ulikuwa unasikia kweli, ama unasema sasa?"

"Nilikuwa nasikia. Lakini nilipofika chini, msasa ulikuwa ndani ya ndoo na maji yametulia."

"Hmm." Akatupa mara mbili, tatu. "Mi pia nilikuwa nausikia. Nilikuwa nimechoka, nikaweka mukono chini, na iko mutu alikuwa anaendelea kusugua. Ndani ya boti, upande ule ingine wa ngozi. Nikasema sawa, amalizie."

Inawezekana ni damu masikioni. Mtu akikosa hewa husikia mengi. Hiyo ingemtosha yeye. Mimi nilikuwa juu, katika hewa safi.

"Sasa kwa daftari utaandika ya nani?" akauliza. "Ya Mama, ama yako?"

"Zote mbili."

"Basi andika na yangu. Ile siku ya pili nilishuka na kiberiti cha gazi, kuona ndani ya ufa. Kikakataa. Juu kinawaka, chini kinakataa. Mara tatu."

Niliacha kazi nikamtazama. "Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa umefurahi na kiraka chako, sha. Nikasema huyu Mwalimu hata siku moja sijamuona anafurahi." Akafuta jasho. "Njo naandikisha hiyo. Nisikuachie yote."

Nimeiandika kama alivyosema. Lakini sikubali kwamba inapunguza kosa langu. Yeye alinyamaza kwa ajili yangu, mimi nilimjibu kwa ajili yangu. Si kitu kimoja, na kwenye mizani ya haki siwezi kuviweka upande mmoja.

Udongo ulifika mdomoni. Nilisema limejaa. Alisema bado, ongeza, udongo utashuka mvua ikinyesha. Tukaongeza. Tuliongeza mpaka pakawa na kilima kirefu, chembamba, upana wa mabega, urefu wa mtu. Tulirudi nyuma kupumzika na sote tukakiona kwa wakati mmoja. Hakuna aliyesema kinafanana na nini.

Yeye ndiye aliyepanda wa kwanza. Nikapanda upande wa pili. Tulikanyaga, tukatembea juu yake tukivuta udongo kwa visigino, yeye akienda huku nami kule, tukipishana katikati, mpaka pakawa bapa, na tukaendelea kukanyaga hata baada ya hapo.